Julepu ya nanaa nyumbani: barafu kavu, majani yasiyoteswa

Julepu ya nanaa ni kinywaji chenye vitu vinne: burboni, yaani wiski ya Kimarekani, sukari, nanaa na barafu. Haina ndimu, haina soda, haina asali. Anayekutilia ndimu amekutengenezea kinywaji kingine, kizuri pengine, lakini si hiki. Na kwa kuwa vitu vyenyewe ni vichache, hakuna pa kuficha kasoro. Barafu ikiwa ya maji ya chumvi utaijua kwa funda la kwanza. Nanaa ikiwa imetwangwa kama kisamvu utaijua kwa la pili.

Nimefanya kazi nyuma ya kaunta za hoteli za ufuo wa kaskazini, kuanzia Nyali hadi Shanzu, na siku hizi wageni ninaowahudumia ni wangu mwenyewe, kwenye veranda yangu hapa Tudor, jioni upepo wa baharini unapoanza kupanda. Kwa joto la kaskazi, Desemba hadi Machi, wakati hata saa tatu usiku shati bado linanata mgongoni, sijui kinywaji kikali kinachofaa Mombasa kuliko hiki. Ni baridi kweli kweli, kinanukia, na kinamlazimisha mtu anywe polepole. Maelezo haya ni ya mtu mzima, wa miaka 18 kwenda juu, ambaye hatashika usukani wala pikipiki baada ya kunywa.

Nanaa

Anza na nanaa, tena uianze asubuhi. Mimi huenda Marikiti, pale Barabara ya Digo, kabla jua halijawa kali. Kongowea pia ipo, na ukinunua kwa wingi utapata nafuu, lakini kwa fungu moja au mawili Marikiti inatosha, na wale akina mama wa mboga wananijua.

"Shikamoo mama. Nanaa hii ya lini?"

"Marahaba, mwanangu. Imeshuka alfajiri hii. Nusa mwenyewe."

Nusa kweli, usione haya. Chukua jani moja, lisugue kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, ulete puani. Harufu ije mara moja, tamu, yenye ubaridi kwa mbali. Ukilazimika kuitafuta harufu, liache fungu hilo. Mashina yasimame, majani yasiwe na madoa meusi, na ukiliona fungu lenye vipande vya mizizi chini, hilo ndilo la kuchukua, nitakueleza kwa nini.

Nanaa inayotakiwa ni ile ya kawaida tunayotia kwenye chai na kwenye chatini: jani la kijani kibichi, lenye mikunjo, lenye meno madogo kwenye kingo. Wanakotoka wenye kinywaji hiki, majimbo ya Kentucky na Virginia kule Marekani, wanatumia aina hiyo hiyo. Ipo nanaa nyingine yenye jani la kijani cha giza na shina linaloelekea zambarau. Ile ina mentholi nyingi, inaugandisha ulimi, na ndani ya kikombe inaleta harufu ya dawa ya kikohozi. Iache iwe ya chai.

Ukifika nyumbani kata ncha za mashina, yasimamishe kwenye bilauri ya maji, ufunike kwa mfuko uliolegea. Ukiiweka kwenye friji isiguse ukuta wa nyuma, majani huungua kwa baridi yakawa meusi. Usiioshe sasa. Ioshe wakati wa kutumia, uikung'ute, uilaze juu ya kitambaa ikauke. Maji yaliyobaki kwenye majani ni maji yanayoingia kwenye kinywaji bila ruhusa yako.

Bora zaidi ni kupanda yako. Chukua shina lenye urefu wa kiganja, toa majani ya chini, liweke ndani ya maji dirishani pasipopigwa na jua moja kwa moja. Baada ya wiki moja au mbili mizizi itakuwa imetoka. Lihamishie kwenye kopo lililotobolewa chini, lenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Jua la asubuhi linalifaa. Jua la mchana la pwani linaliunguza, kwa hiyo kopo likae mahali penye kivuli kuanzia saa sita. Maji mwagia kila siku wakati wa kaskazi, na yawe maji matamu: maji ya visima vingi vya mji huu yana chumvi, na chumvi huanza kuchoma ncha za majani kabla hujajua kinachoendelea. Usiipande pamoja na mmea mwingine kwenye kopo moja, kwa sababu mizizi ya nanaa hutambaa chini kwa chini na kumaliza nafasi yote. Na usiogope kuichuma. Ukikata ncha, hutoka matawi mawili pale ulipokata.

Kopo la nanaa karibu na mlango wa jikoni ni jambo la heshima kubwa. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka hapa Mombasa Aprili 1909 akapanda treni kwenda bara kuwinda. Miaka minne baadaye, 1913, alikuwa mahakamani Michigan, amemshtaki mhariri wa gazeti aliyeandika kwamba yeye ni mlevi. Akaeleza chini ya kiapo kwamba Ikulu ya Marekani ilikuwa na kitalu kizuri cha nanaa, na kwamba huenda kwa mwaka alikunywa julepu nusu dazeni hivi. Alishinda, akapewa fidia ya senti sita. Kuhusu julepu aliyopewa katika mji wa St. Louis alidai alionja kidogo tu, na gazeti moja la mji ule likamkatalia: ni nani awezaye kuonja kidogo julepu ya Tom Bullock akaiacha? Bullock, mhudumu wa baa aliyeitengeneza, alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Louisville, Kentucky, na mwaka 1917 alichapisha kitabu chake cha maelekezo ya vinywaji. Mimi ningefurahi kusifiwa namna hiyo na adui wa mteja wangu.

Burboni

Burboni ni wiski ya Kimarekani, na kwenye chupa utaiona imeandikwa Bourbon. Sheria ya kwao inataka nafaka yake iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa moto kwa ndani. Utamu wake unatoka hapo: mahindi yanaleta ulaini, mbao iliyoungua inaleta vanila na sukari iliyokaangwa. Mwaka 1964 Bunge la Marekani liliitangaza kuwa bidhaa ya kipekee ya nchi hiyo, kwa hiyo kwa sheria yao haiwezi kutengenezwa kwingine ikaitwa burboni.

Ya bei kubwa huihitaji hapa. Kinachohitajika ni nguvu. Barafu nyingi itayeyuka ndani ya kikombe chako, na wiski yenye kileo cha asilimia 40, ambayo ndiyo ya chini kabisa inayoruhusiwa, huchoka kabla hujafika nusu. Jim Beam ya lebo nyeupe ni 40, inafaa ukiinywa upesi kidogo. Maker's Mark ni 45, laini, na ndiyo ninayompa mtu anayeanza. Wild Turkey 101 ni asilimia 50.5, na hiyo ndiyo yangu, kwa sababu inasimama hadi tone la mwisho. Jack Daniel's wengi huiita burboni, lakini yenyewe hujiita wiski ya Tennessee. Ukiwa nayo itumie, hutajuta. Wiski ya Uskochi yenye moshi usiitumie, moshi na nanaa hazielewani.

Na usipopata burboni kabisa, chukua brandi nzuri. Wala si kubahatisha: maelekezo yaliyochapishwa Marekani mwaka 1862 yanataja brandi, na burboni ilikuja kukishika kinywaji hiki baadaye.

Neno moja la lazima kwa sisi wa Kenya. Pombe bandia ipo, na imeua watu. Nunua duka unalolijua, angalia stempu ya KRA, mamlaka ya mapato, juu ya kifuniko, na uikague kwa programu yao ya simu ya Soma Label kabla hujalipa. Muuzaji asiyetaka ukague, mwachie chupa yake.

Shira

Aliyewahi kupika kaimati anaijua shira, basi hii ni nyepesi kuliko ile. Kikombe kimoja cha sukari nyeupe, kikombe kimoja cha maji, moto mdogo, koroga mpaka maji yawe angavu, epua kabla hayajachemka. Usiipike ikashika nyuzi. Usitie iliki wala zafarani. Ipoe, uitie kwenye chupa safi, friji itakutunzia kwa wiki tatu hivi. Sukari kavu ndani ya kikombe ninaikataa kwa sababu haiyeyuki vizuri kwenye pombe baridi, utaikuta chini mwisho wa kinywaji ikiwa mchanga. Sukari guru huleta utamu mzito wenye giza, na kwa burboni ya asilimia 50 inapendeza, lakini jifunze kwanza kwa nyeupe ndipo ujue unachobadilisha.

Barafu

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokimbia.

Kwanza maji. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Watengenezaji wa wiski wa Kentucky nao husifia maji yanayopita kwenye mwamba wa chokaa, maana huondoa madini ya chuma. Tofauti ni kwamba sisi bahari imetuzunguka, na maji yake hupenya visimani. Barafu ya maji ya mfereji unaochota kisimani ina chumvi, na chumvi hiyo itakaa juu ya shira yako na juu ya nanaa yako. Kwa hiyo barafu igandishe kwa maji ya kunywa: ya chupa, ya dispensa, au ya mtungi wa mkokoteni uliyoyachemsha ukayaacha yapoe, baada ya kuyaonja. Ukionja ukakunja uso, hayafai kuganda pia.

Gandisha mapema, siku moja kabla, na kwa wingi. Kila kikombe kimoja cha julepu kinakula bilauri mbili zilizojaa barafu iliyopondwa. Ndiyo, mbili. Moja inaingia na kuzama, ya pili inajaza na kupanda juu. Usiweke chombo cha barafu karibu na samaki kwenye friza. Barafu hunywa harufu. Na ile barafu ya kuuzia samaki usiilete kabisa jikoni kwa ajili ya kunywa, kazi yake ni nyingine.

Pili, kitambaa. Shona mfuko wa merikani, upana wa kiganja na nusu, urefu wa kiganja mara mbili. Merikani ni kitambaa kizito cha pamba ambacho hakijapaushwa, na unakipata Barabara ya Biashara. Ukifue bila sabuni yenye manukato, ukianike kikauke kabisa. Tia barafu, kunja mdomo wa mfuko, uweke juu ya ubao, upige kwa mchi wa kinu au nyundo ya mbao. Piga kwa kuachia uzito wa mchi, huku ukiugeuza mfuko. Nusu ya kwanza ya kazi ni makelele, nusu ya pili unasikia sauti imebadilika, imekuwa ya mchanga unaosagana, na hapo unasimama. Vipande viwe kati ya punje ya hindi na punje ya mchele, na unga kidogo katikati.

Kwa nini kitambaa? Kwa sababu unapoipiga barafu, sehemu yake inayeyuka, na merikani inayanywa yale maji. Ukifungua mfuko utakuta barafu kavu, nyeupe, isiyoshikana na vidole. Blenda inakupa nusu barafu, nusu maji, na maji hayo yamekwishapunguza kinywaji chako kabla ya kuanza. Ukimaliza kuponda, itandaze kwenye sinia, irudishe ndani ya friza dakika kumi. Ikiwa stima inapotea mtaani kwako, na wapi haipotei, hamishia kwenye boksi la kubebea baridi na ulifunge mapema.

Barafu ndogo ina eneo kubwa la kugusana na kinywaji, kwa hiyo inapoza haraka. Na barafu ikichanganyika na pombe, joto hushuka chini ya sifuri, jambo ambalo barafu na maji matupu hayawezi. Ndiyo maana kikombe cha julepu huota ukungu mweupe kwa nje, ukungu ulioganda, si jasho la kawaida la soda baridi.

Ujuzi huu una wenyewe. Katika vitabu utasoma sana kuhusu Seneta Henry Clay wa Kentucky, anayesifiwa kwa kukipeleka kinywaji hiki Washington kwenye hoteli ya Willard. Mimi ninamkumbuka zaidi John Dabney wa Richmond, Virginia, aliyezaliwa mtumwa, ambaye aliyemmiliki alikuwa akimkodisha kazi za kuhudumia vinywaji na vyakula. Julepu zake zilijulikana kwa barafu iliyopandishwa juu ya kikombe, na kwa fedha alizojiwekea alimnunulia mke wake uhuru. Mikono iliyokifanya kinywaji hiki kuwa na jina ilikuwa mikono kama yake, na anayekitengeneza leo anastahili kulijua jina lake.

Kikombe

Wenyewe hutumia kikombe cha fedha. Sisi tuna bilauri za chuma cha pua, zile nyembamba zisizo na mkono, zinazouzwa maduka ya vyombo mjini. Chagua nyepesi yenye ujazo wa mililita 300 hadi 350. Zile zenye kuta mbili za kutunza joto hazifai, maana baridi haifiki nje. Iweke ndani ya friza robo saa, itoe, ipanguse nje kwa kitambaa kikavu. Kuanzia hapo usiishike kiunoni. Ishike ukingoni au chini, kwa sababu joto la kiganja hufuta ukungu na haurudi sawasawa. Feni pia isiielekee. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, na kwa mara moja unyevu huo ni rafiki: ukungu unaota mnene kuliko nilivyowahi kuuona Nairobi.

Sasa tengeneza

Tia majani ya nanaa manane hadi kumi kwenye kikombe, bila mashina, kwa sababu mashina ni machungu. Mwagia shira kijiko kimoja cha mezani, yaani mililita 15. Kama hupendi utamu anza na 10.

Wengi wetu tulijifunzia kaunta kwa dawa, ile ya vodka, ndimu, sukari na asali, na mkono umezoea kukandamiza ndimu mpaka itoe yote iliyo nayo. Hapa ulegeze mkono. Mafuta yenye harufu ya nanaa yako kwenye vifuko vidogo sana juu ya ngozi ya jani, na vinapasuka kwa kuguswa kidogo. Ukiendelea kuponda unalipasua jani lenyewe, linatoa maji ya kijani, na maji hayo ni machungu yenye ladha ya nyasi. Chukua mchi mdogo au mwisho wa mwiko, bonyeza, zungusha robo, inua. Mara tano au sita. Majani yabaki mazima, yaliyochubuka kidogo tu, rangi yake imekuwa ya giza kidogo. Kisha uyapitishe majani hayo hayo kwa ncha ya mwiko kwenye kuta za ndani za kikombe mpaka karibu na ukingo, harufu ikae kote. Wako wanaoyatoa baada ya hapo. Mimi huyaacha chini, barafu itayabana yasipande.

Mimina burboni mililita 60, vijiko vinne vya mezani. Koroga kidogo, acha dakika moja. Dakika hii usiiruke, pombe ndiyo inayoyachukua yale mafuta.

Jaza barafu hadi nusu. Koroga kwa kijiko chembamba kirefu, ukishika ukingo kwa vidole viwili, kwa kuzungusha chini kwa chini. Baada ya nusu dakika hivi utaona kuta za nje zinafifia, halafu zinakuwa nyeupe kuanzia chini kwenda juu. Ongeza barafu hadi ukingoni, koroga tena mara chache. Sasa rundika barafu nyingine juu, uishikilie kwa kiganja kilichopinda, ikae kichuguu kilichozidi ukingo. Usikoroge tena.

Mapambo yake ni sehemu ya ladha. Chukua ncha mbili au tatu za nanaa, zile zenye majani madogo yaliyosongamana, uziweke kwenye kiganja cha kushoto na kuzipiga mara moja kwa kiganja cha kulia. Utasikia harufu papo hapo. Zichomeke ukingoni. Mrija uwe mfupi, uchungulie juu ya barafu kwa upana wa vidole viwili, na ukae ubavuni mwa nanaa kabisa. Anayekunywa lazima ainamie majani, pua iingie ndani yake, na hapo kila funda linaanza kwa harufu kabla ya ulimi. Mrija mrefu unaharibu jambo hili lote. Tumia wa mwanzi, wa chuma au wa karatasi. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye fukwe na hifadhi za Kenya, na hata nyumbani sioni sababu ya kuzirudisha.

Mpe mgeni kikombe pamoja na leso ya karatasi, umwambie asubiri dakika mbili. Funda la kwanza ni kali, hilo ni sawa. Barafu inapoendelea kuyeyuka kinywaji kinafunguka, mahindi yanatokea, vanila inatokea, na katikati ya kikombe ndipo penyewe. Ukionja mwanzoni ukakimbilia kuongeza shira, utakuwa na kinywaji kitamu mno baada ya dakika kumi.

Cha kutafuna kiwe na chumvi na pilipili: kachiri za mihogo, korosho za kukaanga, mishkaki. Vitu vitamu viweke mbali.

Wageni wakiwa wengi

Chupa ya mililita 750 inatoa vikombe 12, na funda linabaki la mwenye nyumba. Kwa vikombe hivyo andaa shira mililita 180, mafungu mawili makubwa ya nanaa, na barafu ambayo utaanza kuigandisha juzi yake. Kubonyeza majani ya kila kikombe wakati watu wanasubiri kunachosha, kwa hiyo chemsha shira, epua, zamisha konzi mbili za majani, funika dakika 20, chuja. Itageuka rangi kuwa ya kahawia kidogo, ladha haina neno. Hata hivyo, kila kikombe kipate majani mawili matatu mabichi chini, na ncha mbichi juu. Kwa kikombe cha pili usitumie majani ya kwanza, yamekwisha. Suuza kikombe, kipanguse, anza upya. Na mimi kwa mgeni mmoja sizidishi viwili.

Wanaopenda mbio za farasi watataka kuifanya Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya Kentucky Derby, inayokimbiwa Churchill Downs, Louisville, tangu 1875. Uwanjani huko, kwa siku mbili za mashindano, huuzwa julepu zinazokaribia 120,000. Farasi wanaondoka karibu saa moja jioni ya kwao, nasi huku ni karibu saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, na mbio zenyewe ni dakika mbili tu. Mei kwetu ni mwezi wa mvua kubwa, nanaa ya sokoni huwa imelowa na inaoza upesi, basi siku hiyo kopo lako la mlangoni ndilo litakalokuokoa.

Kwa wasiotumia kileo

Nyumba yangu haijawahi kuwa na meza ya watu wa aina moja, na jirani zangu wengi ni Waislamu. Kwao nina bilauri zao, mchi wao, mfuko wao wa merikani na mirija yao, vinakaa kabati tofauti na havijawahi kuguswa na pombe. Ninawaambia hivyo waziwazi kabla hawajauliza, ili mtu anywe kwa moyo mweupe.

Kinachochukua nafasi ya burboni ni chai ya rangi. Loweka vijiko viwili vya chai vya majani ya chai kwenye mililita 250 za maji baridi, usiku kucha ndani ya friji, kisha chuja. Ikilowekwa kwa baridi inakuwa na nguvu bila kukwaruza koo, na ule ukavu wake mdomoni unafanya kazi ya mbao ya pipa. Tia mililita 90 kwa kila kikombe, shira mililita 20, nanaa na barafu vile vile kama nilivyoeleza. Hapa tangawizi ninairuhusu, kipande chembamba kimoja kibonyezwe pamoja na majani. Ukungu wa nje utakuwa mwepesi zaidi kwa kuwa hakuna pombe ya kushusha baridi chini ya sifuri, kwa hiyo bilauri hizo ziache ndani ya friza nusu saa badala ya robo.